Novemba 4, 2025 Marekani: upepo umegeuka kweli, au kuna watu milioni moja walilala?

#1 MzeeWaZamu (Woodbridge, Virginia)

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Novemba nasoma nyuzi za humu kuhusu uchaguzi wa Marekani. Nusu ya wachangiaji wanasema Trump na Warepublican wake kwisha habari yao. Nusu nyingine wanasema hamna lolote, majimbo ya Wademocrat yamechagua Wademocrat, mjadala ufungwe. Mimi nipo huku, nilisimama kwenye foleni, uraia nimeupata mwaka jana na hii ilikuwa kura yangu ya kwanza isiyo ya rais. Naona pande zote mbili zinakwenda haraka mno. Uzi ni mrefu, chukua chai.

Kwanza niwatoe tongotongo wanaouliza mbona hawa jamaa wanapiga kura kila mwaka. Rais huchaguliwa kila baada ya miaka minne na Bunge kila baada ya miwili, zote miaka shufwa. Lakini majimbo yana kalenda zake. Matano huchagua gavana mwaka witiri: Kentucky, Mississippi na Louisiana mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa rais, Virginia na New Jersey mwaka mmoja baada yake. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayopigiwa ramli na kila mtu, kwa sababu rais mpya anakuwa na miezi tisa na ushee ofisini na nchi nzima inataka kujua anaonekanaje. Virginia ina kituko cha ziada: gavana haruhusiwi kutetea kiti mfululizo. Miaka minne ikiisha anafunga virago. Kwa hiyo hakuna anayebebwa na ukubwa wa ofisi, na upepo wa Washington ukivuma, unaingia bila kubisha hodi. Tangu 1977 chama cha rais aliyeko madarakani kimeshinda ugavana wa Virginia mara moja tu, 2013.

Matokeo yenyewe kwa kifupi. Virginia, Mdemocrat Abigail Spanberger, zamani ofisa wa ujasusi wa CIA kisha mbunge, kampiga Mrepublican Winsome Earle-Sears kwa pointi kama 15, na ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana hapa. New Jersey, Mdemocrat Mikie Sherrill, rubani wa zamani wa helikopta za jeshi la majini, kamwacha Mrepublican Jack Ciattarelli pointi kama 14. Mwaka mmoja kabla, Kamala Harris, mgombea urais wa Democrat, aliyachukua majimbo hayohayo kwa pointi zisizofika sita. New York City, umeya kashinda Mdemocrat Zohran Mamdani. California wamekubali mpango wa Wademocrat wa kuchora upya mipaka ya wilaya za Bunge kwa karibu theluthi mbili ya kura. Pennsylvania majaji watatu wa Democrat katika mahakama ya juu wamebakizwa kazini kwa kura. Na kuna Georgia, ambayo nitairudia, maana hapo ndipo nilipokaa sawasawa kwenye kiti.

Sasa tushike kalamu. Chukueni New Jersey.

2024 Trump alipata kura kama milioni 1.97 pale, Harris milioni 2.22. 2025 Ciattarelli kapata milioni 1.42 na Sherrill milioni 1.9. Upande wa Republican zimepungua laki tano na nusu, upande wa Democrat laki tatu na robo. Hakuna aliyeongeza! Wote wamepungukiwa, mmoja zaidi ya mwenzake. Virginia ni hivyohivyo, kura zote zilikuwa kama milioni 4.5 mwaka jana, mwaka huu milioni 3.4. Kila jimbo lina watu kama milioni moja waliompigia mtu kura 2024 na safari hii hawakuonekana. Ukiniambia New Jersey imehama, nitakuuliza: imehama au imelala? Jumla ya kura haina jibu. Aliyempigia Trump akabaki kitandani, na aliyempigia Trump akaenda kwa Sherrill, wote wawili wanaacha pengo lilelile kwenye safu ya Republican.

Lakini geuza karatasi. Huyu Ciattarelli aligombea pia 2021. Alipata kura milioni 1.26, akashindwa na Mdemocrat Phil Murphy kwa pointi tatu tu, na watu wakasema Wademocrat wana hali mbaya. Safari hii kaongeza zaidi ya kura laki moja na nusu juu ya zile, na kapigwa pointi 14. Kwa nini? Wademocrat walikuwa na milioni 1.34 mwaka ule, sasa wana 1.9. Kwa hiyo anayesema Warepublican hawakutokea New Jersey anasema nusu. Kwa mwaka kama huu walitokea kuliko safari iliyopita. Wenzao walitokea kama kuna msiba.

Na huo msiba niliuona. Kituo changu ni ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Nilitoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja na sare ya kazi, nikitegemea kukuta watu kumi, nipige nikalale. Foleni ilikuwa imepinda hadi nje. Nyuma yangu alisimama mama mmoja na kadi ya kazi ya serikali kuu imening'inia shingoni. Serikali ilikuwa imefungwa tangu Oktoba 1 kwa kukosa bajeti, yeye hana ofisi ya kwenda na hana mshahara, lakini kadi kavaa. Hakusema neno la siasa. Aliniuliza kama nimeegesha gari upande wa zahanati, maana wanavuta magari. Tulipofika ndani nilimwona anajaza vile viduara kwa kalamu nyeusi taratibu kama mtoto wa mtihani, akaipeleka karatasi kwenye mashine, mashine ikaimeza, akasubiri mpaka ikaonyesha kwamba imehesabiwa, ndipo akachukua stika yake. Kaskazini mwa Virginia kuna watu maelfu kwa maelfu kama huyo mama. Wengine kazi zao zilishakatwa tangu mwanzo wa mwaka.

Je, dalili hizi huwa zinasema kweli? Zinasema, kisha zinakuacha kwenye mataa. 1993 Warepublican walichukua Virginia, New Jersey na New York City, mwaka uliofuata wakazoa viti zaidi ya 50 vya Bunge. 2005 Wademocrat walishinda magavana wote wawili, 2006 wakachukua Bunge. 2009 Obama yuko ofisini, Mrepublican Bob McDonnell akaichukua Virginia kwa pointi 17 na mwenzake Chris Christie akaichukua New Jersey, halafu 2010 viti 63 vya Wademocrat vikaondoka. 2017 Wademocrat kote, 2018 wakapata viti kama 40. Ukiishia hapo unaweza kufungua kilinge.

Ila 2001 Wademocrat walishinda magavana wote wawili, na 2002 ni Bush aliyeongeza viti. Septemba 11 ilikuwa imebadili kila kitu. 2013 Mdemocrat alishinda Virginia na Obama yuko Ikulu, watu wakasema upepo shwari, 2014 chama chake kikapoteza viti tisa vya Seneti. Na 2021 Glenn Youngkin alichukua Virginia, Warepublican wakaanza kuagiza keki, 2022 wakaongeza viti tisa tu vya Bunge na Seneti wakaikosa.

Mimi naona hii ni 2017 zaidi kuliko 2013, na sababu yangu ni Georgia. Kule hakukuwa na gavana kwenye karatasi. Palikuwa na viti viwili vya tume inayopanga bei ya umeme, kazi ambayo wapiga kura wengi hawajui hata kama ipo. Wademocrat wawili, Alicia Johnson na Peter Hubbard, wamewaondoa Warepublican waliokuwa wamekalia viti hivyo, kila mmoja kwa zaidi ya asilimia 60. Georgia, ambako Trump alishinda 2024! Chama hicho hakikuwa kimeshinda nafasi ya uongozi wa jimbo zima, ukiacha Seneti na urais, tangu 2006. Mtu haendi kupigia kura tume ya umeme kwa sababu ya sura ya mgombea. Anakwenda na bili mfukoni.

Naomba kuwasilisha. Wenye mawe, rusheni.

#2 KipepeoWaTemeke

Mkuu umeupiga mwingi. Ila na wewe unatuonea. Sisi Tanzania tulikuwa na uchaguzi Oktoba 29, tukatangaziwa rais kashinda kwa asilimia 97.66, intaneti hamna, leo unakuja kutufundisha kusoma upepo wa pointi 14. Huku upepo tunausikia kwenye feni.

Swali la kweli: hao milioni moja waliolala, ni kina nani?

#3 Houston254

Boss, uzi mzuri lakini wacha nikupinge kidogo, mimi ni yule Mkenya wa Texas ambaye ana kofia nyekundu ya Trump na haoni haya.

Hesabu zako zimeanza 1993 zikaruka 2023. Hiyo umeiacha kwa bahati mbaya ama ni makusudi? 2023 Mdemocrat Andy Beshear alirudi ugavana Kentucky, jimbo letu kabisa. Ohio wakapitisha haki ya kutoa mimba. Virginia Wademocrat wakachukua mabunge yote mawili ya jimbo. Kila mahali palipokuwa na uchaguzi mdogo walikuwa wanazidisha. Magazeti yakaimba. Mwaka mmoja baadaye Trump akashinda majimbo yote saba yanayoyumba na kura milioni 77. Hiyo ni dalili gani?

Ukweli ni huu: hivi vyama vimebadilishana wateja. Zamani mtu mwenye digrii, anayesoma gazeti, anayekumbuka tarehe ya uchaguzi wa mwanasheria mkuu, alikuwa Republican. Leo yuko kwenu. Watu wetu ni fundi, dereva wa lori, kijana ambaye siasa haimhusu mpaka amwone Trump mwenyewe kwenye karatasi. Trump alisema usiku uleule: hakuwa kwenye karatasi, na serikali ilikuwa imefungwa. Mlicheka. Mimi naona alisoma hesabu.

#4 MzeeWaZamu

Houston254, 2023 nimeiacha kwa makosa na umenikamata vizuri. Nakubali kabisa kwamba siku hizi mwaka mdogo unawabeba Wademocrat kwa sababu ya aina ya wapiga kura wao. Ukipima homa kwa kipimajoto kinachosoma juu, lazima utoe kitu.

Lakini toa hicho kitu, uone kinachobaki. 2023 ilikuwa Wademocrat wanashinda kidogo pale ambapo wangeshindwa kidogo. Bunge la Virginia waliondoka mwaka ule na viti 51 kati ya 100. Mwaka huu wana 64. Kipimajoto ni kilekile, wapiga kura ni walewale wa kukumbuka tarehe, namba imepanda. Na Wisconsin Aprili 1, kiti cha jaji wa mahakama ya juu, Elon Musk na vikundi vyake waliweka zaidi ya dola milioni 20 kuwaamsha hao fundi na madereva wako. Wisconsin ni jimbo ambalo Trump alilichukua kwa chini ya pointi moja. Susan Crawford, aliyeungwa mkono na Wademocrat, kashinda kwa pointi kumi.

Kuhusu swali la Kipepeo ni nani waliolala, ninaye mmoja wa kumsimulia, ila ngoja nitoke kazini.

#5 BintiWaPaterson

Habari zenu. Nawasoma kimya kimya siku zote ila hapa mmeingia uani kwangu.

Paterson ipo Passaic County, New Jersey. Mtaa wangu ni Wadominika, Waperu, Wabangladeshi na Waarabu, sisi Waswahili wa kuhesabu vidole. 2024 Trump aliichukua kaunti hii, Republican wa kwanza kufanya hivyo kwa miaka 30 na zaidi. Mwaka huu Sherrill kaichukua kwa zaidi ya pointi kumi. MzeeWaZamu anauliza imehama au imelala. Nitawaambia nilichokiona, siyo cha nchi nzima.

Mwenye duka la kona yangu ni Mdominika. Mwaka jana alikuwa na bango la Trump ndani, juu ya friji ya soda. Sababu zake zilikuwa mbili, mayai na mpaka. Mwaka huu bango lilitoka kama mwezi wa saba hivi. Sikumuuliza. Lakini kuanzia kamatakamata ya wahamiaji ipambe moto, yule kijana aliyekuwa anapanga mizigo asubuhi hakuja tena, na mwenye duka akaanza kufungua saa nne badala ya saa moja maana yuko peke yake. Siku ya uchaguzi alikuwa na stika kifuani. Huyo hakulala.

Waliohojiwa wakitoka vituoni wanathibitisha kwamba wapo wa namna hiyo ila si wengi. Katika waliompigia Trump 2024, waliokwenda kwa Sherrill ni chini ya mmoja kwa kumi. Wachache, lakini kila mmoja anahesabika mara mbili, huku ametoa na kule ameongeza.

La pili ni umeme. Nyie wa Virginia na Texas hamjui tulichopata. Juni mosi bei ilipanda kwa karibu moja ya tano kwa mpigo, halafu kiangazi kikaja na joto lake. Bili yangu ya Julai niliifungua nikiwa nimesimama jikoni nikakaa. Nikazima kiyoyozi cha sebuleni, tukahamia wote chumba kimoja, mimi na watoto wawili na mama yangu aliyekuja kutembea kutoka Mombasa, anasema "mwanangu, kumbe Amerika nako kuna mgao?" Sherrill alisema siku ya kwanza ofisini atatangaza hali ya dharura na kuzuia bei isipande. Mimi sijui kama gavana anaweza hilo, maana umeme wetu unanunuliwa kwenye gridi ya PJM inayohudumia majimbo 13 na jiji la Washington, na bei za mnada wao ndizo zilizoruka. Lakini alikuwa anaongea habari ya bili yangu. Ciattarelli naye aliongea, ila lawama zote alimpa Murphy, gavana aliyekuwa anaondoka, na alipoulizwa kuhusu Trump alimmwagia sifa.

#6 Mkwaju

Nimekaa paleee na korosho zangu. Endeleeni.

#7 KabalagalaBoy (Kampala)

Nyie wote mmezunguka, hakuna anayemtaja mtoto wetu. Mamdani kazaliwa hapa Kampala 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifukuzwa na Amin 1972 pamoja na Wahindi wengine, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo Watanzania nanyi mna hisa kidogo, msijifanye hamjui. Kura zaidi ya milioni moja! Waliojitokeza New York walizidi milioni mbili, haijatokea tangu 1969. Hiyo siyo hali ya nchi?

#8 KipepeoWaTemeke

Hisa tunazo, gawio je?

Ila hapa ndipo mnaponichanganya. Huyu Mamdani anajiita msoshalisti, anataka mabasi ya bure na kodi za nyumba zisipande. Spanberger ni wa CIA. Chama kimoja, usiku mmoja, wote wameshinda. Sasa upepo umevuma kwenda wapi?

#9 MzeeWaZamu

KabalagalaBoy, pongezi kwa Kampala, lakini New York City naomba tuipe mkeka wake pembeni. Ni jiji ambalo Mdemocrat akishinda haiwi habari. Mpinzani wake mkubwa, Andrew Cuomo, naye ni Mdemocrat aliyeshindwa kura za mchujo za Juni akarudi kama mgombea binafsi, na Trump akamwunga mkono dakika za mwisho. Mamdani kapata zaidi kidogo ya nusu. Kuisoma Marekani kupitia New York ni sawa na kuisoma Tanzania kupitia Kariakoo. Utaona mengi, na mengi hayapo Songea.

Swali la Kipepeo ndilo zito. Spanberger huyuhuyu, baada ya uchaguzi wa 2020, aliwafokea wenzake ndani ya chama wasitamke tena neno usoshalisti, maana nusura limwangushe. Leo yeye na Mamdani wameshinda usiku mmoja. Ukiwatazama majibu yao hawafanani kabisa. Ukitazama swali walilokuwa wanajibu, ni lilelile: mwezi haufiki. Mmoja kodi ya nyumba, mwingine umeme, mwingine dawa na ajira za serikali. Trump alishinda 2024 kwa swali hilohilo. Mama wa mayai wa 2024 ndiye mama wa bili wa 2025. Ndiyo maana nasita sana mtu akisema watu wamewapenda Wademocrat. Kura za maoni za mwaka huu zimeonyesha chama hicho kikiwa kimechukiwa kuliko wakati wowote kwa miongo kadhaa, na kichekesho ni kwamba wanaokichukia wengine ni wanachama wake, wanaona viongozi wao wamelegea.

Na watu hawakupiga kwa kufumba macho. Hapa Virginia mgombea wetu wa uanasheria mkuu, Jay Jones, zilivuja jumbe zake za simu za zamani akitamani risasi kwa spika wa zamani wa Republican. Ilikuwa aibu tupu. Kashinda, lakini kwa pungufu ya nusu ya pengo la Spanberger. Maana yake wapo waliojaza kiduara cha gavana Democrat, wakashuka mstari, wakamruka huyo. Ghazala Hashmi, aliyechaguliwa naibu gavana, Mwislamu, mzaliwa wa India, walimpa zaidi kuliko Jones. Mtu anayefanya hivyo hajalewa chama.

#10 SyokimauKwaMguu

Naomba niulize kitu, maana sisi hapa Kenya tumetoka kwa chaguzi ndogo Novemba 27 na kila upande unasema imeona 2027. Mbeere Kaskazini mgombea wa UDA, chama tawala, ameshinda kwa kura zisizofika 500. Malava pia UDA. Serikali inasema eneo la Mlima Kenya limerudi kwake, upinzani unasema ni pesa na vurugu. Nikitumia kipimo chako MzeeWaZamu nasomaje?

#11 Houston254

Syokimau, hapo hata usitoe kipimo mfukoni. Kule Virginia hakuna waziri aliyehamia kijijini wiki tatu na magunia. Kipimo cha huyu mzee kinafanya kazi mahali ambapo rais yuko mbali na kura. Mbeere serikali yote ilikuwa imepiga kambi huko, na upinzani pia na vigogo wake. Ukishinda hivyo kwa kura mia nne na kitu, mimi nikiwa UDA ningeshukuru Mungu nikae kimya. Nikiwa upinzani pia ningekaa kimya, kwa sababu kushindwa ni kushindwa.

Turudi Marekani. MzeeWaZamu, umesema utasimulia yule aliyelala.

#12 MzeeWaZamu

Nimetoka zamu sasa hivi, nipo kwenye gari.

Kabla ya hapo, Houston254, umeona Tennessee Desemba 2? Wilaya ya Bunge ambayo Trump aliishinda kwa pointi 22. Chama chako kimeitetea, sawa, Matt Van Epps kaenda Bungeni, lakini kwa pointi tisa, na serikali ilikuwa imeshafunguliwa tangu Novemba 12. Kisingizio cha kufungwa hakipo tena. Wiki iliyofuata Miami wakamchagua Eileen Higgins kuwa meya, Mdemocrat wa kwanza pale kwa karibu miaka 30. Miami ya Wakuba, ambao wengi ni Warepublican! Mimi hata hapo sisemi 2026 imekwisha. Nasema ningekuwa mbunge wa Republican kwenye wilaya ya pointi nane, ningekuwa naangalia bei ya umeme kila asubuhi.

Haya, aliyelala. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna dada mmoja, mzaliwa wa Ghana, raia wa siku nyingi. 2024 alimpigia Trump na hakuficha. Alikuwa na watoto watatu na kazi mbili, alisema chini ya Trump wa kwanza alikuwa na kazi moja. Mwaka huu, wiki ya uchaguzi, nikamkuta chumba cha mapumziko anakula wali wake baridi, nikamuuliza umepiga? Kupiga kura mapema kulianza Septemba, siku 45, kituo kipo njiani kwake. Akasema hapana. Nikadhani atasema alikosa muda. Akasema muda alikuwa nao. "Yule niliyempa hajanirudishia kazi yangu moja. Hao wengine ndio walionipa ya pili. Nikampe nani?"

Sasa kwenye hesabu za Virginia huyu ni kura moja iliyopotea Republican. Magazeti yanamhesabu kama upepo wa Democrat. Wewe unamhesabu kama mtu wenu aliyelala atakayeamka Trump akirudi kwenye karatasi, ila 2026 hatakuwepo kwenye karatasi. Mimi nimekaa naye mwaka wa tatu na sijui nimweke wapi.

#13 Houston254

Huyo nimemwelewa. Ninaye wa kwangu hapa, fundi wa viyoyozi, Mmeksiko, 2024 tulikwenda kituoni pamoja kwa gari langu. Juzi nimemwambia Machi kuna mchujo wa chama, akaniuliza wa nini.

Bado nasema atakuja Novemba. Lakini nilipokuwa naandika #3 nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa kidogo.

#14 BintiWaPaterson

MzeeWaZamu, mpelekee yule dada chakula cha moto. Mwenye duka langu kaandika karatasi mlangoni leo, anatafuta mtu wa kupanga mizigo asubuhi, mwenye vibali.

#15 KipepeoWaTemeke

Uzi huu usifungwe. Novemba 3, 2026 nitaufufua mwenyewe, hao watu watatu mje mtuambie wamekwenda wapi.

#16 MzeeWaZamu

Wanne. Na yule mama wa kadi shingoni, ingawa sikumuuliza jina. Gari lake hawakulivuta, nililiona wakati natoka.